Somo la Hesabu kwa Makatibu: Je, Habari Tulizo Nazo Zinatosha?

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna katibu wa chama cha msingi asiyeijua methali hiyo. Lakini iko hatari ya pili ambayo wahenga hawakuitaja, nayo ni hii: mtu kuwa na daftari, kuwa na habari kadhaa mkononi, na kwa haraka akatoa hukumu ambayo habari hizo haziwezi kuibeba. Daftari pungufu hutambulika upesi. Hukumu iliyopita kiasi cha ushahidi wake haitambuliki upesi, na mara nyingi hutambulika baada ya mtu kukatwa mshahara au kuondolewa kazini.

Somo letu la safari hii lahusu hatari hiyo. Kwa kawaida tunapofundishwa hesabu huambiwa: "Tafuta jibu." Leo tunauliza swali linalotangulia hilo: "Je, habari tulizo nazo zinatosha kutupatia jibu moja, na moja tu?" Maswali ya namna hii hutolewa pia katika mtihani uitwao GMAT, unaofanywa na watu wanaoomba kuingia vyuo vya biashara katika nchi nyingi. Mtahiniwa hatakiwi kutoa jibu lenyewe. Hutakiwa kusema tu kama habari zatosha. Katika ofisi ya chama, ustadi huo una faida kubwa zaidi kuliko katika chumba cha mtihani.

Bei na uzito vilivyotumika humu ni vya mfano tu. Si bei za msimu wowote.

1. MILINGANYO MIWILI, VITU VIWILI VISIVYOJULIKANA

Tuchukue chama kinachonunua pamba ya madaraja mawili, safi na fifi. Bei ya pamba safi ni Sh. 1,200 kwa kilo, na ya fifi ni Sh. 600 kwa kilo. Ukurasa wa daftari la mizani unaoonyesha mgawanyo wa madaraja ya siku moja umelowa mvua, nao hausomeki. Katibu anauliza: siku ile zilinunuliwa kilo ngapi za pamba safi?

Habari ya kwanza: jumla ya pamba yote iliyonunuliwa siku ile ni kilo 1,200.

Habari ya pili: jumla ya fedha zilizolipwa kwa wakulima siku ile ni Sh. 1,290,000.

Tuziite kilo za pamba safi S, na kilo za pamba fifi F. Habari ya kwanza inaandikwa hivi:

S + F = 1,200

Peke yake haitoshi. Huenda S ni 1,000 na F ni 200. Huenda S ni 300 na F ni 900. Habari ya pili inaandikwa hivi:

1,200S + 600F = 1,290,000

Hiyo nayo peke yake haitoshi. Tukiigawanya kote kwa 600 tunapata 2S + F = 2,150, na ziko jozi nyingi za S na F zinazokubaliana na mlinganyo huo.

Sasa tuziweke pamoja. Kutoka 2S + F = 2,150 tutoe S + F = 1,200. F inajifuta, na kinachobaki ni S = 950. Kwa hiyo F = 250. Tuhakikishe: kilo 950 kwa Sh. 1,200 ni Sh. 1,140,000, kilo 250 kwa Sh. 600 ni Sh. 150,000, jumla yake ni Sh. 1,290,000. Hesabu imekubali. Habari mbili, ambazo kila moja peke yake haikutosha, zimetosha zilipokutana.

2. MAJIBU MATANO YANAYOWEZEKANA

Kila tunapopewa swali na habari mbili, hali ni mojawapo kati ya hizi tano:

A. Habari ya kwanza peke yake inatosha. Ya pili peke yake haitoshi.
B. Habari ya pili peke yake inatosha. Ya kwanza peke yake haitoshi.
C. Kila moja peke yake haitoshi, lakini zote mbili pamoja zinatosha.
D. Kila moja peke yake inatosha.
E. Hata zote mbili pamoja hazitoshi.

Mfano wetu wa pamba ulikuwa wa C. Yafaa katibu azoee kuipima kila habari peke yake kwanza, huku ameifunika nyingine kwa kiganja, kabla hajaziunganisha. Kosa la wengi ni kuisoma habari ya pili wakiwa bado wameibeba ya kwanza kichwani.

Tukumbuke pia kwamba kama swali ni la ndiyo au hapana, "hapana" ya hakika nayo ni jibu kamili. Mathalani: "Je, pamba safi ilikuwa zaidi ya nusu ya pamba yote?" Tukiambiwa tu kwamba wastani wa malipo ulikuwa Sh. 1,000 kwa kilo, hiyo yatosha. Kama safi na fifi zingalikuwa nusu kwa nusu, wastani ungalikuwa Sh. 900. Umezidi hapo, basi safi ndiyo iliyokuwa nyingi. Hatukuhitaji kujua uzito wa hata gunia moja. Na kama wastani ungekuwa Sh. 800, jibu lingekuwa "hapana", na habari ile ingekuwa imetosha vile vile.

3. HABARI MOJA ILIYOVAA NGUO MBILI

Wako wanaokariri kanuni kwamba vitu viwili visivyojulikana vyahitaji milinganyo miwili, na mambo kwisha. Kanuni hiyo ni mwongozo mzuri, lakini si sheria. Tazama mfano huu.

Chama kimepokea ankara mbili za pembejeo. Ya kwanza ni ya mifuko 4 ya mbolea na chupa 6 za dawa ya wadudu, jumla Sh. 348,000. Ya pili ni ya mifuko 10 ya mbolea na chupa 15 za dawa ile ile, jumla Sh. 870,000. Muuzaji hakuandika bei ya kila kimoja. Swali: mfuko mmoja wa mbolea ni shilingi ngapi?

Tuuite mfuko M na chupa D:

4M + 6D = 348,000
10M + 15D = 870,000

Milinganyo ni miwili kwa macho. Lakini gawanya wa kwanza kwa 2, na wa pili kwa 5. Yote miwili yanakuwa 2M + 3D = 174,000. Ni mlinganyo mmoja ulioandikwa mara mbili. Huenda mfuko ni Sh. 60,000 na chupa Sh. 18,000. Huenda mfuko ni Sh. 45,000 na chupa Sh. 28,000. Bei zote hizo zinakubaliana na ankara zote mbili. Jibu ni E.

Iko njia fupi ya kuutambua mtego huu. Zidisha namba za milinganyo kwa mshazari: namba ya M ya kwanza mara namba ya D ya pili, kisha namba ya D ya kwanza mara namba ya M ya pili. Hapa ni 4 × 15 = 60, na 6 × 10 = 60. Zinapokuwa sawa, simama. Milinganyo hiyo haiwezi kukupa jibu moja. Katika mfano wa pamba ilikuwa 1 × 600 = 600, na 1 × 1,200 = 1,200. Hazikuwa sawa, na ndiyo sababu habari zilitosha. Wanaojua grafu wataona maana yake mara moja: milinganyo inayotosha ni mistari miwili inayokatana mahali pamoja tu, ankara zetu mbili ni mstari mmoja uliochorwa mara mbili.

4. HABARI ZINAZOPINGANA

Je, kama ankara ya pili ingesomeka Sh. 885,000? Mshazari bado ni sawa, 60 na 60. Lakini ankara ya kwanza yasema kwamba mifuko 10 na chupa 15 yapasa kuwa Sh. 870,000. Imezidi Sh. 15,000. Hapa hakuna bei yoyote ya M na D inayoweza kuzikubali ankara zote mbili. Kwenye grafu ni mistari sambamba isiyokutana hata ikirefushwa kiasi gani.

Katika mitihani, mtungaji huhakikisha habari zake hazipingani. Katika ofisi hatuna mtungaji. Habari zikipingana, maana yake ni kwamba tulichokidhania kimekosea: labda bei ilipanda kati ya ankara mbili, labda nauli imechanganywa ndani ya jumla, labda tarakimu imeandikwa vibaya. Katibu mwema hurudi kwenye karatasi na kumwuliza muuzaji. Hachagui ankara inayompendeza na kuitupa nyingine.

5. HABARI CHACHE ZINAPOTOSHA

Hali mbili huwadanganya watu waseme "hazitoshi" kumbe zatosha.

Ya kwanza ni pale swali linapotaka jumla tu, wala si kila kitu peke yake. Kwa ankara zetu zile, tumeona kwamba bei ya mfuko haijulikani. Lakini mwanachama akiuliza gharama ya mifuko 6 pamoja na chupa 9, jibu lipo: ni mara tatu ya 2M + 3D, yaani Sh. 522,000. Soma swali vizuri kabla ya kulalamika kwamba habari ni pungufu.

Ya pili ni pale vitu vinavyohesabiwa visipoweza kukatwa vipande. Duka la chama limeuza majembe kwa Sh. 7,000 na mapanga kwa Sh. 5,000, na limepata Sh. 58,000. Mlinganyo ni mmoja tu: 7J + 5P = 58, tukihesabu kwa maelfu. Lakini hakuna nusu jembe. Jaribu J kuanzia 0 hadi 8, utaona kwamba ni J = 4 peke yake inayoacha baki linalogawanyika kwa 5: 58 toa 28 ni 30, nayo ni mapanga 6. Mlinganyo mmoja umetosha. Tahadhari: mauzo yangekuwa Sh. 89,000, yangepatikana majibu matatu, yaani majembe 2 na mapanga 15, majembe 7 na mapanga 8, au majembe 12 na panga 1. Kwa hiyo namba nzima husaidia, lakini ni lazima zijaribiwe moja moja.

6. ELIMU HII NI YA KALE

Asidhani mtu kwamba elimu hii ni ya wasomi wa leo. Kitabu cha Kichina kiitwacho Sura Tisa za Hesabu, kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita na kufafanuliwa na Liu Hui mwaka 263, kina sura nzima, ya nane, juu ya milinganyo ya pamoja. Na swali lake la kwanza lahusu madaraja ya mazao, kama pamba yetu: miganda 3 ya nafaka bora, 2 ya wastani na 1 ya hafifu hutoa vipimo 39, miganda 2, 3 na 1 hutoa 34, miganda 1, 2 na 3 hutoa 26. Mganda wa kila daraja hutoa vipimo vingapi? Majibu ni 9¼, 4¼ na 2¾. Tazama kwamba vitu ni vitatu na habari ni tatu, na hakuna iliyorudia nyingine. Jina aljebra nalo limetoka katika kitabu cha Kiarabu cha Muhammad al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9.

7. UPUNGUFU WA KILO 600

Sasa tufike kwenye jambo ambalo somo hili limeandikwa kwa ajili yake. Tuseme chama kina vituo viwili vya kununulia pamba, Kituo cha Juu na Kituo cha Chini, kila kimoja na karani wake. Pamba yote ya msimu ilikuwa safi, kwa Sh. 1,200. Daftari la fedha laonyesha kwamba fedha zilizotolewa benki, toa zilizorudishwa, ni Sh. 56,520,000, yaani malipo ya kilo 47,100. Kiwanda cha kuchambua pamba kilipokea kilo 46,500. Pamepungua kilo 600.

Kurasa za stakabadhi za Kituo cha Chini zimepotea. Kamati inakutana. Mjumbe mmoja anasimama na kusema: "Ndugu Mwenyekiti, habari tunazo mbili. Upungufu wa uzito ni kilo 600. Upungufu wa fedha ni Sh. 720,000. Na karani wa Chini ndiye aliyepoteza kurasa. Akatwe."

Tuupe upungufu wa Juu jina la X, na wa Chini jina la Y. Habari ya kwanza ni X + Y = 600. Habari ya pili ni 1,200X + 1,200Y = 720,000. Gawanya ya pili kwa 1,200, utapata ile ile ya kwanza. Mjumbe yule hana habari mbili. Ana moja, aliyoihesabu kwanza kwa kilo na kisha kwa shilingi. Kwa habari hiyo Y yaweza kuwa 600, yaweza kuwa 0. Na kupotea kwa kurasa, ingawa ni kosa la utunzaji linalostahili kuulizwa, si mlinganyo. Hakutuambii hata kilo moja.

Hapo ndipo katibu hana budi kusema: "Ndugu wajumbe, habari hazitoshi." Maneno hayo ni mazito kuyatamka mbele ya kamati iliyokasirika, hasa wanachama wakiwa nje wanasubiri malipo. Lakini asiishie hapo. Yampasa aongeze: "Na zitakazotosha ni hizi." Kwanza, stakabadhi za Kituo cha Juu, ambazo zimekamilika. Pili, hati za kupokelea mzigo kiwandani, zilizoandikwa na mtu mwingine kabisa, safari kwa safari.

Stakabadhi za Juu zinajumlishwa: kilo 28,300. Basi Chini ilinunua 47,100 toa 28,300, yaani kilo 18,800, ingawa kurasa zake hazipo. Hati za kiwandani kwa safari zilizotoka Chini zinajumlishwa: kilo 18,650. Upungufu wa Chini ni kilo 150. Wa Juu, basi, ni kilo 450.

Karani aliyepoteza kurasa ndiye mwenye upungufu mdogo. Robo tatu ya upungufu imetoka kwenye kituo ambacho vitabu vyake ni safi, na ambacho hakuna mjumbe aliyekitaja.

Je, sasa akatwe karani wa Juu? Hapana, bado. Swali jipya limezaliwa, na lazima lipimwe upya. Milinganyo imetuambia kiasi gani na wapi. Haikutuambia kwa nini. Pamba hupungua uzito ikikauka. Mizani huharibika, ikawapunja wakulima au ikakipunja chama. Kabla ya kumgusa mtu, mizani ya vituo vyote viwili ipimwe kwa mawe yaliyothibitishwa, na siku ambazo pamba ilikaa ghalani zihesabiwe.

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

(i) Andika swali kwa sentensi moja kabla ya kushika kalamu ya hesabu.
(ii) Vipe majina vitu visivyojulikana, na uandike kila habari kama mlinganyo.
(iii) Pima kila habari peke yake, kisha zote pamoja.
(iv) Zidisha kwa mshazari ili ujue kama habari ya pili ni mpya au ni ile ile ya kwanza.
(v) Uliza kila karatasi imeandikwa na nani. Karatasi mbili zilizonakiliwa kutoka daftari moja ni shahidi mmoja.
(vi) Habari zisipotosha, sema hivyo waziwazi, na utaje ni karatasi gani ingetosha.

MAZOEZI

Jibu kwa A, B, C, D au E.

1. Kila mwanachama mpya hulipa kiingilio na kununua hisa. Kiingilio ni shilingi ngapi? Habari ya kwanza: wanachama wapya 5 walionunua jumla ya hisa 12 walilipa Sh. 170,000. Habari ya pili: wanachama wapya 10 walionunua jumla ya hisa 24 walilipa Sh. 340,000.

2. Lori lilibeba magunia 90 ya mahindi na maharage. Ya mahindi yalikuwa mangapi? Habari ya kwanza: ya mahindi yaliyazidi ya maharage kwa 20. Habari ya pili: kwa kila magunia 7 ya maharage palikuwa na magunia 11 ya mahindi.

3. Lita 2 za petroli pamoja na lita 2 za mafuta ya mashine ni shilingi ngapi? Habari ya kwanza: lita 5 za petroli na lita 5 za mafuta ya mashine ni Sh. 60,000. Habari ya pili: lita 3 za petroli ni Sh. 9,000.

MAJIBU

1. E. Mlinganyo wa pili ni wa kwanza uliozidishwa kwa 2.

2. D. Jumla ya 90 imo ndani ya swali lenyewe, nayo ni mlinganyo mmoja tayari. Kila habari huleta wa pili: mahindi 55, maharage 35.

3. A. Lita moja moja ya kila aina ni Sh. 12,000, kwa hiyo lita mbili mbili ni Sh. 24,000. Habari ya pili haisemi lolote juu ya mafuta ya mashine.

Makatibu wanaombwa walisome somo hili pamoja na wajumbe wa kamati zao kabla ya kufunga vitabu vya msimu, wala wasingoje mpaka upungufu utokee. Ni rahisi kujifunza kusema "habari hazitoshi" siku ambayo hakuna anayetuhumiwa.